Kizazi cha Mtasema

Jumatatu, 7 Juni 1993

Nimepepeta uwele tangu asubuhi. Mgongo umekataa. Makapi yameingia machoni, puani, mpaka ndani ya daftari hili. Nyani wamekuja mara mbili upande wa korongo. Mara mbili Mtasema amewatimua. Mbwa mmoja, nyani kundi zima. Amerudi ulimi nje, akalala kivulini, akaniangalia kama kibarua anayedai ujira wake. Nimempa uji wa pumba na maziwa ya mgando.

Mchana akapita Bwana Rajabu na pikipiki yake, anatoka kuchanja ng'ombe wa jirani. Zamani alikuwa bwana mifugo wa serikali. Walipompunguza kazini akafungua duka la dawa za mifugo mjini, mtaa wa Kikuyu, na vijijini anatuzungukia mwenyewe. Nikamwambia, hebu mwangalie na huyu. Akampapasa tumbo. Akalipapasa tena. Sipendi mtu wa dawa akirudia kupapasa. Kisha akasema, bibi, huyu akizaa tena atakufa. Kile kitoto kilichokwama kimemharibu. Ahasiwe.

Kilichokwama nakijua. Nilikitoa kwa mkono wangu huu, nimeupaka mafuta ya nyonyo, na yeye badala ya kuniuma akawa ananilamba kiwiko. Kilitoka kimekufa. Wenzake watatu walipona.

Nikamjibu nitafikiri. Nikamjibu kwa ukali. Mtu wa watu hajanikosea kitu.

Jumatano, 9 Juni

Neno lake silipendi. Kuhasi ni kwa dume. Beberu huhasiwa, fahali huhasiwa. Jike hufungwa kizazi. Bwana Rajabu anacheka, anasema kwa mbwa hawafungi, wanatoa kabisa. Basi mimi nitasema kufunga. Kutoa ni neno baya, linanukia kisu.

Jina la Mtasema ni la marehemu mume wangu. Mwaka ule alipochukua jike awe mbwa wa kuwinda, na wenzake wote wana madume, kijiji kizima kilimcheka. Ooh, jike atakuzalia porini, jike atakuvutia mbwa wa watu. Akasema, haya, mtasema. Jina likabaki hapo. Hakupenda kujibizana yule mzee. Aliwajibu kwa kumwita mbwa wake.

Na walisema mpaka wakachoka, maana jike yule akawapita madume yao wote. Leo ukoo mzima unataka vitoto vyake. Kitoto cha mbwa wa kuwinda kwetu hakiuzwi. Unaleta kuku au jembe, unapewa. Ukikiuza, pua yake inakufa. Ndivyo tulivyokuta.

Jioni akaja shemeji yangu Ndahani, mdogo wa marehemu. Nikamweleza. Akaruka kama amekanyaga kaa la moto. Shemeji, jike bila kizazi hanusi! Harufu ya mnyama inapokelewa na kizazi! Nikamuuliza, na wewe unapokelea wapi, maana harufu ya pombe unaipata kutoka Haneti ukiwa umelala hapa? Akanuna. Akala ugali wangu hivyo hivyo amenuna.

Alhamisi, 10 Juni

Nimemtumia Elia salamu kwa dereva wa lori. Mwanangu yuko Zuzu, kibarua cha reli. Nataka neno lake kuhusu mbwa wa baba yake.

Jumamosi, 12 Juni

Haneti, mashineni. Ile mashine ya kusaga ya ushirika imekufa, sasa kuna ya mfanyabiashara, ruksa kila kitu, na foleni ndefu kama ya zamani. Tena inapiga kelele hiyo, mtu husikii hata mawazo yako.

Mbele yangu alisimama mama mmoja mhudumu wa zahanati. Nikaona hapa pa kuulizia. Nikampigia kelele sikioni kwamba nataka kumfunga kizazi Mtasema. Je, inauma? Damu nyingi? Akageuka akanitazama. Akauliza, nani? Nikamwambia, huyu wa nyumbani kwangu, tumbo lake limeharibika, mtoto alimkwama akafia humo. Akauliza, mwenyewe amekubali? Nikacheka. Nikasema, tangu lini huyo akaulizwa?

Foleni yote ikanyamaza. Mashine ndiyo iliyobaki inaongea. Mama wa zahanati akaniambia jambo hili ni zito, nisikurupuke, na akanipa mgongo. Nikajisemea, kumbe watu wa Haneti wana huruma hivi na mbwa. Kwetu wanawarushia mawe.

Unga umetoka na mchanga.

Jumapili, 13 Juni

Neno la Elia limekuja. "Mama, uamuzi ni wako." Ahsante sana. Huyo ndiye niliyemsomesha.

Jumanne, 15 Juni

Siku ya aibu. Naandika, sijui kwa hasira au kwa kicheko.

Asubuhi nimeona watu watatu wanakuja na njia ya kisimani, wamevaa nguo za kanisani. Mjomba wake Tabitha, kijana mmoja wa kwao, na Debora, mama mdogo wake, yule anayekaa Haneti. Tabitha ndiye mke wa Elia. Mkwe wangu. Nikafurahi, nikajua wamekuja kumwona mtoto wao. Nikatandika ngozi. Nikawasalimu, mbukwenyi, mbukwenyi. Hawakukaa.

Mjomba akasema wamekuja kumchukua binti yao. Nikauliza, kuna msiba? Debora akapasuka. Msiba ni wewe! Mtoto wetu ana miaka mitano hapa, mimba mbili zimetoka, badala ya kumwombea unazunguka mashineni unatangaza unataka kumfunga kizazi! Tena bila kumuuliza! Tena unawaambia watu mtasema! Mtasema nini? Tutasema ndiyo!

Mimi mdomo wazi. Ikanichukua muda kama wa kupepeta ungo mmoja. Halafu ikaniingia. Mtasema. Kufunga kizazi, Mtasema. Kwetu kila mtu anamjua mbwa wangu kwa jina. Haneti nani anamjua? Pale walisikia mwanamke mzee mwenye kiburi anasema atamfunga mkwewe na nyie semeni mnavyotaka.

Sikujitetea. Nikasimama mlangoni nikaita kwa sauti yote, "Mtasema! Mtasemaaa!"

Akaja anakimbia kutoka shambani, masikio nyuma, mdomoni ana mfupa. Akaukalia mguu wa mjomba.

Nikasema, huyu ndiye. Salimianeni.

Mjomba alicheka mpaka akaiomba ile ngozi akae. Kijana akacheka. Debora hakucheka, ila alikaa, na kuku nikachinja. Nikadhani yameisha.

Kisha nikamkuta Tabitha nyuma ya nyumba ameshika mchi, hatwangi. Alikuwa amesikia yote tangu mwanzo. Na kabla mbwa hajaja, kwa ule muda wa ungo mmoja, aliamini. Nilimwona usoni. Aliamini kwamba naweza.

Hilo ndilo linalonichoma. Haneti waseme wasemavyo.

Jumatano, 16 Juni

Tabitha hali. Anapika, anaosha, anaitika "ee Mama", hali. Nimemwambia, nilikuwa nasema mbwa. Akasema najua Mama. Nikamwambia, basi kula. Akasema nitakula Mama. Sina maneno mazuri. Marehemu ndiye aliyekuwa nayo, na hakuyatumia.

Mbaya zaidi, Ndahani. Amekuja leo na sura ya mtambiko. Anasema hata kama ni mbwa, katika ua mmoja hakifungwi kizazi kimoja na kingine kikiwa kinasubiri. Kufunga kunahama. Amelisema akiwa amesimama pale pale Tabitha anapochambua mlenda. Nikamfukuza na ufagio. Mimi mtu wa kanisa, mambo hayo sina.

Sina. Lakini Bwana Rajabu alipita saa tisa, akauliza nimeamua nini, nikamwambia wiki ijayo.

Mjinga mimi.

Jumapili, 20 Juni

Wiki ijayo imefika na balaa lake. Mtasema yuko kwenye joto. Nimeona matone sakafuni. Nimetuma mtu kwa Bwana Rajabu. Jibu: sasa haiwezekani, akiwa na joto damu haishikiki, mfungie ndani wiki tatu, dume lisimguse kabisa, kisha nitakuja.

Wiki tatu! Siku nne tu zilizopita ningesema neno moja, haya, yangekuwa yamekwisha. Neno moja. Nimelimeza kwa sababu ya Ndahani na mizimu yake ya kuazima.

Nimemfungia chumba cha nafaka. Mlango wa mbao, komeo la chuma. Anakwangua.

Jumanne, 22 Juni

Madume manne.

Alhamisi, 24 Juni

Madume tisa. Wametoka wapi sijui, wengine sijawahi kuwaona. Wamekojolea kila nguzo. Wamekula ndala yangu moja, ile iliyokuwa haijakatika. Nashinda na mchi mkononi kama askari. Anachokifanya Mtasema mle ndani si kubweka, ni kulia, sauti nyembamba, mchana kutwa. Tabitha anaziba masikio.

Leo likaja pikapu la mtu wa mjini, mfanyabiashara, tumbo mbele. Anamuulizia Ndahani. Anasema aliahidiwa vitoto viwili vya mbwa mkali wa kulinda duka lake, vya uzao ujao, na kishika uchumba ameshatoa. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamuuliza, na wale watatu wa mara iliyopita, walioletewa majembe na kuku? Akacheka, kuku gani mama, mmoja ninao mimi nyumbani, nilimnunua.

Basi ndiyo kizazi cha kunusia. Ndiyo kufunga kunahama. Shemeji yangu anauza pua ya ndugu yake sokoni, halafu ananijia na sura ya mtambiko na kumtisha mtoto wa watu kwa tumbo lake. Nilikwenda kwake na mchi. Hakuwepo. Bahati ya nani, sijui.

Nataka mbwa huyu apone. Ni hilo tu. Kwa nini kila mtu ana shughuli na tumbo lisilo lake?

Jumapili, 27 Juni

Nimetoka kanisani nimekuta mlango wa chumba cha nafaka uko wazi. Komeo limevutwa. Halikuvunjwa, limevutwa. Madume yote hayapo uani.

Nimemkuta korongoni. Amekwishanasana na dume la rangi ya majivu, sikio limekatika. Wamegeukiana mgongo, hawawezi kuachana. Nilifika na jiwe mkononi. Nikaliweka chini. Ukiwapiga wakiwa vile unamchana jike. Nikakaa kwenye mchanga nikawasubiri wamalize, mwanamke mzima na nguo zangu za ibada.

Yeye alinitazama tu.

Jumatatu, 28 Juni

Nimemtukana Ndahani mbele ya watu kisimani. Nimemwita mwizi, mwuza damu, mfungua milango ya wajane. Akaapa kwa kaburi la kaka yake kwamba hakugusa komeo. Vitoto kuuza alikiri. Komeo alikataa. Nikamwambia kaburi la kaka yako likusikie. Watu walifurahi sana. Siku nzima kisima kilikuwa na raha.

Ijumaa, 2 Julai

Siyo Ndahani.

Tabitha amenijia jikoni asubuhi, amepiga magoti kama siku aliyoletwa. "Mama, ni mimi nilimfungulia." Nikaweka mwiko chini. Akasema mbwa alikuwa analia, siku ya saba analia, na yeye yuko peke yake nyumbani, na kila akilia anasikia kama ni ndani ya tumbo lake. Akasema, "Nikaona angalau mmoja wetu."

Nilikuwa na maneno makali tayari mdomoni. Yote yamenikwama, na hapakuwa na wa kuyatoa na mafuta ya nyonyo.

Nikamwinua. Nikamwambia nimezaa tisa na nimezika wanne, na hakuna hata siku moja mama mkwe wangu aliniuliza kama nimekula. Nikamwambia, sikukuleta hapa uje unizalie kama mbuzi. Elia alikupenda. Mimi nikakupenda kumpita Elia, maana Elia yuko Zuzu na mimi ndiye ninayekuona. Ukizaa, nitabeba. Usipozaa, nitakubeba wewe. Anayetaka kukuchukua hapa apitie kwangu, na mchi ninao.

Akalia. Nikalia. Ugali ukaungua. Tukaula hivyo hivyo, na leo amekula.

Lakini mbwa nitafanyaje?

Jumamosi, 3 Julai

Nimepeleka debe la unga kwa Ndahani na neno samahani kuhusu komeo. Kuhusu vitoto sikuomba samahani. Mke wake akapokea. Yeye akawa anatazama paa. Shingo yangu inauma kwa kuinamisha.

Jumatatu, 12 Julai

Upepo wa Julai, vumbi na baridi. Mtasema anatapika asubuhi. Ana mimba, hakuna haja ya kuuliza. Jana nyani walikuja, akainuka, akakimbia hatua ishirini, akakaa chini. Hajawahi kukaa chini mbele ya nyani. Nyani mmoja mkubwa akasimama akamtazama. Nilitaka kulia kwa hasira. Nikawafukuza mwenyewe na bati bovu.

Bwana Rajabu anasema bado kuna nafasi. Wiki moja, siku kumi. Akitoa, anatoa na vilivyomo. Akimwacha, vitakwama tena, na safari hii na mama yao. Nikamuuliza yeye angefanyaje. Akasema, bibi, uamuzi ni wako.

Wote wameamua kunipa heshima hiyo. Mzigo wa kuni hakuna anayesema ni wangu, wananipokea njiani. Huu ndio wananiachia.

Nimemtazama Tabitha, nimemtazama mbwa. Nikisema ndiyo, namtoa mmoja alichofunguliwa na mwenzake. Nikisema hapana, nitamzika mmoja mbele ya mwenzake. Sijalala vizuri siku tatu.

Alhamisi, 15 Julai

Tulikuwa tunapura alizeti. Tabitha akaacha kupura. Mtasema alikuwa amelala karibu naye, mbavu zinahesabika, anapumua kwa haraka. Siku hizi analala karibu naye.

Tabitha akasema, hata hakunitazama, "Mama, mwite Bwana Rajabu."

Nikamwambia, unajua anachokuja kutoa.

Akasema, "Najua. Mimi nilifungua nikidhani namsaidia. Nilikuwa najisaidia mimi. Mimi si mbwa, Mama. Na yeye si mimi."

Akaendelea kupura.

Jumanne, 20 Julai

Imefanyika.

Tuliung'oa mlango wa chumba cha nafaka, ule ule, tukaulaza juu ya mapipa mawili kivulini nyuma ya nyumba. Maji yamechemshwa. Shuka langu jeupe la wageni. Bwana Rajabu akamchoma sindano, Mtasema akalegea kama mlevi. Tabitha akamshika kichwa. Nilimwambia atoke. Hakutoka.

Mimi nilishika taa ya betri, ingawa ni mchana, ili mwanga uingie ndani. Nimezalisha mbuzi, ng'ombe na wanawake. Kuona tumbo limefunguliwa bila kitu kulia, sijawahi. Bwana Rajabu mikono myepesi. Alikuwa anasema na mbwa, taratibu mama, taratibu mama, kama anaongea na mtu.

Nimeviona. Vitano. Vimepangana kama njugu mawe kwenye ganda refu. Havijawa kitu bado. Bwana Rajabu alitaka kuvifunika haraka na kitambaa. Tabitha akasema, "Acha, nione." Akaviona. Hakuachia kichwa cha mbwa.

Kushona kulichukua muda kuliko kukata.

Halafu Bwana Rajabu akaniomba udongo. Safi, usiokanyagwa. Nikashangaa. Akasema kwa dini yao mate ya mbwa ni najisi, anaosha mara saba, moja kwa udongo. Miaka yote hii anatibu mbwa wetu na hakuwahi kutuomba udongo, alikuwa anachukua njiani mwenyewe, asituudhi. Nikamchotea wa kichuguu, mwekundu, laini, juu ya sahani yangu ya maua. Nikamshikia maji. Mara saba. Nilihesabu naye.

Tabitha akachukua kile kitambaa. Akaenda nacho upande wa shamba la njugu, na jembe. Sikumfuata. Amekaa huko kitambo. Aliporudi mikono imejaa udongo, akaomba maji, na maji yalikuwa yamebaki kwenye birika. Nikamshikia na yeye.

Jumatano, 21 Julai

Hajala. Hajafa.

Alhamisi, 22 Julai

Ana joto la homa puani. Tabitha amelala naye sakafuni kwenye gunia. Nimegombana na Mungu kidogo. Nimemwambia, nimeamua, nilichoachiwa nimekiamua, sasa na wewe fanya cha kwako.

Ijumaa, 23 Julai

Amekunywa uji. Vijiko sita. Nami nimekunywa.

Ijumaa, 30 Julai

Nyuzi zimetolewa. Jeraha limekauka, nywele zinaota, kidogo anawashwa. Bwana Rajabu anasema mwezi mmoja asikimbie. Nenda kamwambie yeye, nikamjibu. Nimemfunga kamba. Ananuna kama Ndahani.

Watu wanapita kuchungulia. Wanataka kuona mbwa aliyetolewa kizazi ana sura gani. Mama mmoja ameniuliza kama sasa atabweka kwa sauti ya kiume. Nikamwambia ndiyo, na Jumapili ataimba kwaya, sauti ya nne.

Debora ametuma kuku mweupe kutoka Haneti, na ujumbe kwamba kuku ni wa mbwa. Sikuelewa kama ni kejeli au ni samahani. Tumemla sisi, mifupa ya mbavu nikampa mwenyewe.

Ndahani amesimama nje ya ua, hakuingia. Amesema tutaona pua yake msimu huu. Nikasema tutaona.

Elia amekuja siku mbili. Tabitha alimweleza yote, hata la komeo. Sijui walisemezana nini. Amerudi Zuzu, ila kabla ya kuondoka aliurudisha ule mlango mahali pake, akaweka bawaba mpya. Komeo hakuliweka. Sikumuuliza.

Jumamosi, 28 Agosti

Kimya leo. Upepo umetulia.

Ndahani alikuja alfajiri na mkuki, akaomba mbwa. Aliomba kama mtu, shikamoo shemeji, ingawa tunalingana. Nikamfungua kamba. Wakaenda upande wa vichaka. Nikatwanga. Sikutwanga vizuri, nusu ilimwagika.

Wamerudi kabla jua halijawa kali. Sungura wawili na kanga. Ndahani hakusema lolote kuhusu pua. Alikata kifua, sehemu ya mwenye mbwa, akaiweka kwenye sahani yangu ya maua, akaenda zake. Ile sahani haina bahati ya kukaa kabatini.

Mtasema hakukaa. Kaona nyani ng'ambo ya korongo, akapotea.

Tabitha alikuwa huko anaokota njugu zilizosalia. Tangu ile siku ya aibu hajawahi kumwita mbwa kwa jina lake. Alikuwa anasema tu we, njoo, au anapiga ulimi.

Nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua mlenda. Nikamsikia. Sauti yake imevuka korongo lote.

"Mtasema! Mtasemaaa!"

Watu walikuwepo kisimani, walikuwepo njiani. Hakuna aliyesema kitu.

Mbwa alirudi.